Kushuka Korongo la Nyahururu na Kurudi na Picha: Mwongozo kwa Anayetoka Nairobi

Maporomoko ya Thomson pale Nyahururu yanaanguka mita 74. Jumba la KICC jijini Nairobi, lile ambalo sote tumelikodolea macho tukiwa kwenye msongamano wa magari, lina mita 105 hivi. Kwa hiyo ukiteremka hadi chini ya korongo kisha ukapanda tena, hesabu kwamba umepanda karibu theluthi mbili za KICC kwa miguu, na si kwa ngazi za saruji zenye taa, bali kwa mawe na udongo uliolowa, begi la kamera likikuvuta nyuma.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mara yangu ya kwanza sikuifanya. Nilitoka Nairobi Jumapili asubuhi na kikundi cha wapanda milima. Tuliambiwa gari lingeondoka saa kumi na mbili kamili, gurudumu likageuka saa moja unusu. Tulifika maporomokoni jua likiwa utosini. Nikashuka mbio, nikapiga picha mia moja na kitu, nikapanda nikihema kama mtungi unaochemka. Nyumbani nilipozifungua, maji yalikuwa bapa jeupe lisilo na mkunjo wala uzi, kama shuka iliyoanikwa juani, na lenzi ilikuwa na matone tangu picha ya nne. Kamera haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ratiba.

Tangu siku hiyo naipanga safari hii kinyumenyume: nachagua kwanza saa ninayotaka kuwa chini ya maji, kisha narudi nyuma hadi saa ya kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua saa, kisha chagua siku

Nyahururu iko kilomita chache tu kaskazini mwa Ikweta. Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba jua linachomoza karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima na kupanda wima, bila kuzunguka pembeni kama linavyofanya nchi za mbali na Ikweta. Ule mwanga laini wa dhahabu haudumu zaidi ya muda wa saa moja hivi. Kufikia saa nne jua ni kali, na povu la maji linang'aa kiasi kwamba kamera inashindwa kuona chochote ndani yake.

Saa nzuri ziko mbili. Ya kwanza ni asubuhi mapema, wakati kuta za korongo bado zinakinga jua na kila kitu kiko kivulini. Ya pili ni alasiri baada ya saa kumi, ingawa hapo lazima ubakize muda wa kupanda kabla ya giza. Siku ya mawingu ni zawadi, hata kama wenzako watanung'unika kwamba anga haina rangi. Anga usiipige. Elekeza kamera kwenye maji, mawe na majani.

Asubuhi mapema haipatikani kwa kutoka Nairobi siku hiyo hiyo, labda uwe tayari kuendesha gari usiku, jambo ambalo simshauri mtu yeyote kwenye barabara ile. Toka Jumamosi mchana, lala Nyahururu, na jioni hiyo uulize lango linafunguliwa saa ngapi ili asubuhi uwe mbele ya foleni. Gharama ya chumba cha kawaida cha wageni mjini itakuuma kidogo, lakini ndiyo itakayokupa picha kuliko lenzi yoyote utakayokodi.

Kuhusu msimu: Januari na Februari ni kiangazi, njia ni kavu, lakini mto Ewaso Narok, unaolisha maporomoko haya, huwa umekonda. Masika ya Machi hadi Mei huujaza, na kule juu mvua hunyesha hata Julai na Agosti, wakati Nairobi ni baridi kavu tu. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Baada ya mvua kubwa maji huwa rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo. Wengine hawapendi. Mimi naipenda rangi hiyo, ila nakwepa siku mbili za kwanza baada ya mvua nzito, kwa sababu ya njia na wala si kwa sababu ya rangi. Wakati wangu ni wiki ya pili baada ya mvua kupungua: maji bado mengi, udongo umeanza kushika.

Hatua ya 2: Miguu na viatu

Kama unaishi ghorofa ya tano mtaa wa Pipeline au Roysambu na lifti ni kitu cha kusikia kwa jirani, umeshaanza mazoezi bila kujua. Panda na kushuka ngazi hizo na begi lenye kilo tano au sita, mara nne kila jioni, kwa wiki mbili. Watu hujiandaa kupanda na kusahau kushuka, na kushuka ndiko kunakotetemesha magoti. Mguu unaotetemeka hauwezi kusimama imara juu ya jiwe lililolowa ukiwa umeshika kamera. Ukitaka mazoezi ya nje, Ngong Hills siku moja inatosha, na kimo chake cha mita 2,460 kinakaribiana na kile cha Nyahururu, mita 2,360 hivi. Nairobi iko chini ya hapo kwa zaidi ya mita mia tano, kwa hiyo usishangae pumzi ikikatika mapema kidogo.

Viatu vya kupandia milima vinapatikana masoko ya Gikomba na Toi kwa bei ya mitumba, na vingi ni imara kuliko vipya vya bei hiyo. Lakini kuna mtego ambao wauzaji wenyewe wengi hawaujui. Soli za kati za viatu vingi vya aina hii ni za povu la poliyurethani, na povu hilo linazeeka hata kiatu kikikaa tu kwenye boksi. Kwa nje kiatu kinaonekana kipya, ukitembea saa moja kwenye unyevu soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba na ukikunje kiatu kwa nguvu. Ukiona nyufa ndogondogo au unga, kirudishe chini na umwambie mwenye kibanda, "Asante kaka, labda wakati mwingine." Halafu angalia meno ya soli: yawe marefu na yaliyoachana, ili matope yapate pa kutokea.

Raba za kukimbilia zenye soli laini waachie wanaobaki juu kwenye ukuta wa kutazamia.

Hatua ya 3: Karura kwanza

Usiende kujifunzia kamera Nyahururu. Msitu wa Karura, hapo hapo Nairobi, una maporomoko yake madogo, njia yake ni rahisi, na ukikosea unarudi wiki ijayo. Nenda na kila kitu utakachobeba safarini. Funga kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu), badilisha muda wa shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie), ufunge na kufungua filta gizani mwa miti mpaka vidole vijue vyenyewe. Jifunze pia kulipanga begi, ili kitambaa cha kufutia kiwe mahali ambapo mkono unakifikia bila macho. (Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo Karura wakipinga msitu kukatwa viwanja. Kila nikiwa pale na tripodi yangu nakumbuka kwamba mahali hapa pangekuwa na mageti ya nyumba za watu.)

Zoezi la kufanya: piga maji yaleyale kwa 1/500 ya sekunde, kisha 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1 na sekunde 3. Zitazame kwenye skrini kubwa nyumbani, uchague unayoipenda. Nasema hivi kwa sababu watu wengi hudhani muda mrefu zaidi ni bora zaidi. Kwa macho yangu, sekunde tatu zinageuza maji kuwa maziwa yaliyomwagika. Kati ya 1/4 na 1/2 maji yanalainika lakini nyuzi zake bado zinaonekana, na unahisi uzito wake. Lakini hilo ni jicho langu, lako huenda likachagua lingine.

Hatua ya 4: Begi

Kamera moja, lenzi moja pana ya milimita 24 au chini yake, na kama una nguvu lenzi ndefu ya kati kwa ajili ya kupiga ukiwa juu. Tripodi nyepesi lakini isiyotikisika. Filta ya polaraizi, ile inayopunguza mng'ao wa vitu vilivyolowa. Filta nyeusi ya kupunguza mwanga ukiwa nayo, ingawa nitaeleza kwa nini kivulini huenda usiihitaji. Betri mbili, moja uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi ya asubuhi huifyonza chaji.

Vitambaa vya kufutia lenzi: vitatu. Si kimoja. Cha kwanza kitalowa ndani ya dakika tano, cha pili baada ya kumi, na cha tatu ndicho kitakachookoa kazi. Kila kimoja kikae kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Ongeza kofia ya kuogea, ile ya hotelini au ya dukani, ambayo inavika kamera vizuri kabisa kati ya picha na picha. Mwanamke wa Nairobi anayejua kukinga nywele zake na mvua ya ghafla tayari anajua kukinga kamera.

Kwa mwili: koti la mvua, sweta, soksi za kubadilisha, maji lita moja na nusu, ndizi, karanga, chapati mbili. Suruali iwe ndefu. Kwenye njia nyingi za nyanda zetu za juu huota thabai, mmea unaowasha ukikugusa, na mmea huo ni mtamu ndani ya mukimo tu, si kwenye kifundo cha mguu.

Droni? Sheria ya Kenya inataka uisajili na upate kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, kabla ya kuirusha, chini ya kanuni za mwaka 2020. Kama huna karatasi, iache nyumbani.

Hatua ya 5: Barabara

Ukiwa na gari lako, shika barabara ya Nakuru kupitia Limuru na Naivasha, fika Gilgil, pinda kulia kuelekea Ol Kalou, halafu Nyahururu. Weka saa tatu na nusu hadi nne, pamoja na kusimama pale juu ya Bonde la Ufa kununua mahindi ya kuchoma. Upande mwingine ni kupitia Karatina na Nyeri, barabara ndefu kidogo lakini nzuri kwa macho asubuhi ambayo Mlima Kenya umejifunua.

Wanaosafiri kwa matatu wataulizia magari ya Nyahururu upande wa Nyamakima na River Road, katikati ya Nairobi. Omba kiti kilicho nyuma ya dereva au dirishani, na begi la kamera lipakate mapajani, hata makanga akikuambia, "Weka nyuma madam, iko salama." Nyuma kuna magunia, na magunia hayajui lenzi.

Kutoka Gilgil utakuwa unafuata njia ya tawi la reli lililofika Nyahururu mwaka 1929, wakati mji ukiitwa Thomson's Falls. Wazee wengine bado wanasema T-Falls. Jina hilo lilitokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo 1883 na kuyapa maporomoko jina la ukoo wake, kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Nyahururu yenyewe hutajwa kuwa imetokana na neno la Kimaasai la maporomoko, au la upepo wa tufani. Ukishafika chini na ule upepo wa maji ukakupiga kifuani utaona kwa nini neno moja linaweza kubeba maana zote mbili.

Hatua ya 6: Langoni na ukutani

Beba noti ndogondogo. Lipa kiingilio, chukua risiti, kisha nenda ukutani ukatazame kabla ya kufungua begi. Hapo juu utawakuta wacheza ngoma waliovaa mavazi ya kale ya Kikuyu na vijana wenye vinyonga mkononi. Wapo kazini. Ukiwapiga picha utadaiwa, na ni haki yao, kwa hiyo mkubaliane bei kabla kamera haijainuka.

Vijana wanaowaongoza watu kushuka nao watakusogelea. "Habari ya asubuhi mama, unashuka? Njia inateleza leo, twende pole pole." Je, unahitaji mmoja? Kiangazi, ukiwa na wenzako wawili na miguu mizuri, si lazima. Msimu wa mvua, au ukiwa peke yako, mchukue. Atakuonyesha jiwe lipi linacheza, na ukiwa umeinamia kamera yeye atakuwa anautazama mto. Kubalianeni mambo manne kwa sauti kabla ya hatua ya kwanza: bei ni ya kundi au ya kila mtu, ni kushuka tu au kushuka na kupanda, kubeba begi lako kumo au hakumo, na mtakaa chini kwa muda gani. Hili la mwisho ndilo wapiga picha husahau. Mtalii wa kawaida anakaa chini dakika kumi na tano. Wewe utakaa saa moja na nusu, na kijana ana wateja wengine wanaomngoja juu. Mlipe muda wake.

Piga picha zako za juu sasa hivi, chache. Ukutani kila mtu anapata picha ileile, lakini ni picha nzuri, na ukipanda baadaye hutakuwa na hamu nayo.

Hatua ya 7: Kushuka

Funga kila zipu. Kamera ndani ya begi, si shingoni. Kamera inayoning'inia shingoni inakuvuta mbele kila unapoinama, na ukiteleza mkono wa kwanza kukimbia utakimbilia kamera badala ya kushika mti. Mikono yote miwili iwe huru.

Palipo na ngazi au vyuma vya kushikilia, vishike, lakini usiviegemee uzito wote kabla ya kuvijaribu. Palipo na udongo mtupu, geuka ubavu, mguu wa chini uwe mbele kwa upana wake, hatua fupi. Usikanyage mzizi uliolowa, unateleza kuliko jiwe. Usishike jani wala tawi jembamba. Ukikutana na watu wanaopanda, wapishe wewe ukisimama upande wa ukuta wa mlima, si upande wa bondeni. Na kama mtu aliye nyuma yako anaharakisha, simama, mwambie, "Pita ndugu yangu," umwache apite. Njia hii ni maarufu, na mwishoni mwa wiki foleni yake ina haraka za kijinga.

Mimi huchukua karibu nusu saa. Nikiona nimetumia dakika kumi na tano najua nimekuwa mzembe.

Hatua ya 8: Chini

Usifungue begi mara moja. Kaa kwenye jiwe kavu mbali na manyunyu, kunywa maji, acha magoti yatulie, na utazame mambo mawili. La kwanza ni mto: chagua jiwe moja linalojitokeza majini uliweke alama akilini. Likianza kuzama, au maji yakibadilika rangi ghafla na kuleta vijiti, mvua imenyesha huko juu. Panda, picha au bila picha. La pili ni upepo: manyunyu yanaelekea upande gani, na kwa muda gani yanatulia. Yanapumua. Yanakuja kwa kishindo, yanapungua kwa sekunde kadhaa, yanarudi. Utapiga kati ya pumzi mbili.

Usilisogelee bwawa linalopigwa na maji, na usiogelee. Mawe ya hapo yana utelezi wa kijani usioonekana. Mahali hapa pamewahi kuchukua watu, na wenyeji watakuambia hivyo bila wewe kuuliza. Hata hivyo picha nzuri haiko huko karibu. Rudi nyuma, ufuate mto unakoelekea, mpaka upate mawe ya mbele ya kuweka kwenye fremu na maporomoko yote yatoshee kwa kamera iliyosimamishwa wima.

Simamisha tripodi chini, miguu yake imepanuliwa, nguzo ya katikati isiinuliwe. Miguu usiiweke ndani ya maji yanayokwenda. Mtetemo wake utauona kwenye picha. Kama kamera yako ina kizuia mtikisiko, kizime ikiwa juu ya tripodi. Weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, na ufunge filta ya polaraizi. Izungushe polepole ukitazama mawe na majani yaliyolowa: mahali fulani mng'ao unafifia na kijani kinajitokeza kama kimepakwa mafuta. Simama hapo. Filta hiyo inakula mwanga kiasi cha kuufanya robo ya ulivyokuwa, au zaidi kidogo ya hapo, na kwenye kivuli cha korongo la asubuhi hiyo inatosha kukufikisha karibu 1/4 ya sekunde. Ndiyo sababu nilisema filta nyeusi huenda usiihitaji. Jua likiwa limeshaingia, hesabu inabadilika: kwenye jua kali ISO 100 na f/16 zinakupa takriban 1/100 ya sekunde, na hapo bila filta inayopunguza mwanga mara 64 huwezi kufika zaidi ya nusu sekunde.

Tafuta fokasi kwenye jiwe lenye kingo, si kwenye maji, kisha ifunge iwe ya mkono ili kamera isianze kuyakimbiza manyunyu. Weka kichelewesho cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Vua kofia ya kuogea, futa lenzi, bonyeza, vika tena. Kila picha. Itakuchosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, usiamini picha ya kwenye skrini. Mlima wa grafu usigonge ukuta wa kulia, kwa sababu weupe uliopotea kwenye povu haurudishwi na programu yoyote, ilhali giza la mawe linaweza kuinuliwa baadaye. Piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu, hasa kwa sababu kivuli cha korongo kina rangi ya samawati ambayo utataka kuipasha joto ukifika nyumbani.

Jambo moja lililobadilisha picha zangu kuliko filta zote: mtu. Mita 74 hazionekani ndani ya fremu. Bila kitu cha kulinganisha, macho ya mtazamaji yanaweza kudhani ni kijito cha Karura. Mwombe mwenzako asimame kwenye jiwe salama, mbali na bwawa, akiwa na shuka jekundu au leso ya manjano, mgongo kwa kamera, asitikisike kwa hesabu ya tatu. Anakuwa mdogo kama punje, na ghafla maporomoko yanakuwa na kimo.

Kuhusu upinde wa mvua, watu huusubiri kwa bahati, na hauna bahati yoyote. Upinde hutokea nyuzi 42 kutoka kwenye kivuli cha kichwa chako, upande ulio kinyume na jua. Geuka ulipe jua mgongo, tafuta kivuli cha kichwa chako, nyoosha mkono na upime shubiri mbili kutoka hapo kuelekea juu au pembeni. Shubiri moja kwa mkono ulionyooka ni kama nyuzi 20. Kama mahali hapo pana manyunyu yanayopigwa na jua, upinde upo. Kama hapana, songa wewe. Jua likishapanda juu ya nyuzi 42, na kwetu hapa Ikweta hilo ni kati ya saa tatu unusu asubuhi na saa tisa unusu alasiri hivi, upinde unashuka chini ya usawa wa macho; hutauona ukitazama juu kutoka korongoni, lakini aliye juu ukutani anayetazama chini anaweza kuuona vizuri. Ukiupiga upinde, uwe macho na polaraizi: ikizungushwa vibaya inaufuta upinde wote.

Ukiwa na simu tu

Usijidharau. Simu ina faida moja kubwa hapa: inafutwa kwa sekunde moja na kurudi mfukoni. Kwenye Samsung na simu nyingi za Android tafuta hali ya Pro, weka ISO ya chini kabisa na shata 1/4, na uiegemeze kwenye jiwe au tripodi ndogo. Kama kivuli hakitoshi na picha inaungua, miwani ya jua yenye polaraizi ikishikwa mbele ya lenzi inasaidia kweli, ingawa utaonekana kichekesho. Kwenye iPhone piga Live Photo ukiwa umetulia, kisha kwenye picha yenyewe uchague Long Exposure. Usivute zumu. Lenzi ya simu husahaulika ina mafuta ya shavu, hivyo ifute hata kabla ya manyunyu kuifikia.

Hatua ya 9: Kupanda

Anza kupanda ukiwa bado na nguvu na zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya giza. Kaza kila kitu tena. Kula ndizi chini, si katikati. Panda hatua hamsini, simama, vuta pumzi kumi, endelea. Mwenye mbio atakupita na utamkuta ameketi kwenye kona ya tatu akisema anafurahia mandhari. Panga saa moja hata kama kijana wako anasema ni dakika ishirini. Yeye hupanda mara nne kwa siku.

Hatua ya 10: Kabla ya gari kuondoka

Badilisha soksi. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia hotelini kunywa chai, kwa sababu umeitoa kwenye baridi, na hewa ya moto ya jikoni itageuka umande kwenye lenzi. Ikae humo nusu saa ipate joto taratibu. Nakili picha kwenye simu au diski ukiwa bado Nyahururu. Nilisema magunia hayajui lenzi, na memori kadi je, ambayo ni ndogo kuliko pipi?

Ukifika nyumbani toa miguu ya tripodi, umwage maji na mchanga uliomo, uiache wazi usiku kucha. Viatu vijaze gazeti, uvikaushe kivulini, kamwe si juu ya jiko. Na vile vitambaa vitatu vifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, vinginevyo safari ijayo vitapaka lenzi ukungu badala ya kuufuta.